Kwa nini kinobu cha gitaa kinateleza ukikivuta

Chukua gitaa la umeme la kisasa, hata lile la bei ya kati tu, uangalie chini ya nyuzi. Utakuta vinobu viwili, vitatu au vinne, yaani vile vidude vya duara vya kuzungusha kama vya redio ya zamani. Kimoja kinaongeza na kupunguza sauti, kingine kinapunguza ukali wake. Lakini kwenye magitaa mengi kimojawapo kina kazi ya pili ambayo haionekani kwa macho: kinavutwa. Ukikinyanyua milimita chache kinasema "tak", na gitaa linabadili sauti papo hapo, kana kwamba umebeba lingine.

Shida iko kwenye huko kuvuta. Mpiga solo yuko katikati ya wimbo, ana nafasi ya mapigo mawili kabla ya zamu yake, mkono una jasho. Anabana kinobu, anavuta, vidole vinatoka vitupu. Anajaribu tena, safari hii kinobu kinageuka kidogo na sauti inashuka bila yeye kutaka. Au, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kinobu chenyewe kinang'oka na kubaki mkononi mwake huku swichi ikiwa imebaki ilivyokuwa.

Unaweza kusema ni tatizo dogo. Ila kifaa hiki kina zaidi ya miaka 90, kimepitia mikononi mwa wahandisi hodari kweli kweli, na bado watu wanavifunga vinobu raba na tepu ili vishikike. Inakuwaje? Jibu langu ni la kihistoria: umbo la kinobu cha gitaa lilishakamilika kabla hakujawa na kitu chochote cha kuvuta. Kilitengenezwa kizungushwe. Kazi ya kuvuta ilikuja baadaye sana, ikabebeshwa mwili ambao haukuumbwa kwa ajili yake.

Kilitoka kwenye redio

Mwaka 1932 kampuni ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Los Angeles, ilianza kuuza gitaa la umeme ambalo watu walilipa jina la utani la "kikaango", kwa sababu bodi yake ilikuwa duara dogo lenye shingo ndefu. Lilikuwa gitaa la kulaza mapajani. Juu yake palikuwa na kinobu cha sauti, na chini ya kinobu palikuwa na potenshometa, ile sehemu ambayo mafundi redio wetu huiita "voliumu" tu, hata kama haihusiani na sauti. Ndani yake kuna utepe wa kaboni uliopinda kama kwato ya farasi, na kidole cha chuma kinachotembea juu ya utepe huo. Ukizungusha shafti, kidole kinasogea, ukinzani unabadilika, na umeme unaofika kwenye amplifaya unaongezeka au unapungua.

Hakuna aliyelazimika kuvumbua sehemu hiyo kwa ajili ya gitaa. Ilikuwa imejaa madukani kwa ajili ya redio. Hata CTS, jina ambalo fundi yeyote wa gitaa analijua kwa sababu potenshometa zake zinafungwa kwenye magitaa mpaka leo, ilianza mwaka 1896 ikiitwa Chicago Telephone Supply, kampuni ya vifaa vya simu. Gitaa lilikuwa mteja mdogo kwenye soko la watu wengine, na mteja mdogo huchukua kilichopo.

Kilichokuwepo kilikuwa kinobu cha plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu. Leo Baekeland alikuwa ameshavumbua Bakelite mwaka 1907, na kufikia miaka ya 1930 redio nyingi zilikuwa na vinobu vya nyenzo hiyo. Hapa kuna jambo la kiwandani ambalo lina uzito kwenye hadithi yetu. Kitu kinachotengenezwa kwenye kalibu lazima kiwe kimekonda kidogo kuelekea upande mmoja, la sivyo hakitoki. Ni kama ugali unaougeuza kutoka kwenye bakuli: bakuli likiwa na kuta zilizosimama wima kabisa ugali unang'ang'ania, kuta zikilala kidogo unatoka mara moja. Kwa hiyo vinobu vya plastiki vilikuwa vipana chini, vyembamba juu. Digrii moja au mbili za mlalo zinatosha kwa kazi ya kalibu, lakini wabunifu waliupenda mlalo huo wakauongeza, kikawa kitu kama kofia au kengele. Kwa ufupi, umbo linalokifanya kinobu kiachie kalibu kirahisi ndilo linalokifanya kiachie vidole vyako kirahisi. Nitarudi hapo na hesabu.

Kwenye redio hilo halikuwa tatizo. Redio iko mezani, kinobu kinakutazama, mkono wako hauna kazi nyingine. Hata "kikaango" cha mapajani kilikuwa kinaangalia juu, mpigaji anakiona. Gitaa la kukumbatia ni habari nyingine: vinobu vinaangalia watazamaji, mpigaji anavifikia kwa kukunja kiganja kutoka juu, na mkono unaotakiwa kuvishika ndio huohuo unaopiga nyuzi.

Miaka minne ya maamuzi

Kama ningetakiwa kuchagua kipindi kimoja tu kwenye historia ya kinobu, ningechagua 1950 hadi 1954. Maumbo yaliyotoka ndani ya miaka hiyo ndiyo tunayoyanunua leo.

Leo Fender alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California. Hakuwa mpiga gitaa, hilo linajulikana sana, na mara nyingi linasimuliwa kama kichekesho. Mimi naliona kama ufunguo. Mtu asiyepiga gitaa anaunda gitaa kwa macho ya fundi: nini kinapatikana, nini kinabadilishwa kirahisi kikiharibika. Mwaka 1950 alitoa gitaa la bodi ya mbao isiyo na uwazi ndani, lililokuja kuitwa Telecaster mwaka 1951. Vinobu vyake viwili vilikuwa silinda za chuma zilizopakwa kromu, kuta zimesimama wima, zimechongwa meno madogo pande zote kama tupa. Nakshi hiyo ya meno ipo kwenye kila karakana, kwenye vishikio vya vifaa na skrubu za kukaza kwa mkono. Kila kinobu kilishikwa kwenye shafti kwa skrubu ndogo ya pembeni.

Mwaka 1952 Gibson, kampuni kongwe ya Michigan, ilijibu kwa gitaa la Les Paul. Vinobu vinne, virefu kidogo, vya plastiki angavu yenye rangi ya dhahabu, laini kabisa pembeni, namba zimeonekana ndani kama wadudu kwenye kioo. Wauzaji wa vipuri leo huviita vinobu vya kasi. Vilipendeza mno. Kufikia 1955 Gibson ilikuwa imeshahamia kwenye umbo la kofia, pana chini na jembamba juu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaja vingine vyeusi vyenye miraba, ambavyo watu wanavifananisha na kofia ya mchawi wa hadithi za Kizungu.

Halafu 1954 ikaja Stratocaster ya Fender. Hapa kinobu kinaanza kuwa sehemu ya muziki wenyewe. Kinobu cha sauti kiliwekwa karibu sana na nyuzi, kiasi kwamba mpigaji anaweza kukifikia kwa kidole cha mwisho bila kusimamisha mkono. Kilikuwa cha plastiki, kina umbo la koni iliyokatwa kichwa, kimevaa kama sketi chini yenye namba 1 hadi 10, na pembeni kina mifereji midogo ya wima.

Wapigaji walikichukua kinobu hiki mbali. Unapiga uzi sauti ikiwa imefungwa, halafu unaifungua taratibu kwa kidole cha mwisho: mlio wa mwanzo wa uzi haupo, sauti inachipuka kutoka kimya kama ya fidla. Roy Buchanan alijulikana kwa ufundi huo kwenye Telecaster, Jeff Beck kwenye Stratocaster. Mwaka 1982 Eddie Van Halen alirekodi kipande kizima, "Cathedral", kwa kuzungusha kinobu cha sauti kwenda na kurudi haraka haraka huku mwangwi ukijaza nafasi. (Kwa wapenda vituko: gitaa lake maarufu la milia lilikuwa na kinobu kimoja tu, cha sauti, na juu yake kiliandikwa neno la kinobu cha toni. Ndicho kilichokuwepo siku hiyo.)

Angalia kazi hizi zinataka nini. Zinataka kinobu chepesi, kinachoviringika kwa kuguswa na kidole kimoja, kutoka pembeni. Hazitaki kukibana hata kidogo. Ulaini wa vinobu vya Les Paul, mlalo wa koni ya Stratocaster, mifereji ya wima: kwa mtu anayezungusha, vyote ni sawa kabisa.

Swichi inajificha

Sasa tuje kwenye kuvuta, na inabidi tupite kwanza kwenye pikapu. Si gari. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, inayobadili mtikisiko wa uzi kuwa umeme. Koili moja ya aina hiyo inatoa sauti kali na safi, lakini pia inanasa mvumo wa umeme wa nyumbani na wa taa, ule wa "mmmmm" unaoujua. Mhandisi wa Gibson, Seth Lover, alitatua tatizo hilo katikati ya miaka ya 1950 kwa kuweka koili mbili kando kwa kando, zikiwa zimepangwa ili mvumo wa moja ufute mvumo wa nyingine. Sauti ikawa nene, tulivu, ya joto.

Ila watu ni watu. Mwenye sauti nene akaanza kutamani ile kali. Suluhisho la umeme ni rahisi: zima koili moja kati ya mbili, pikapu inarudi kuwa ya koili moja. Unahitaji swichi tu. Swali likawa, swichi utaiweka wapi?

Njia ya kwanza ni kutoboa tundu jipya kwenye bodi. Watu walifanya hivyo sana miaka ya 1970, na wengi walijuta, maana Les Paul za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuja kuuzwa kwa bei ya nyumba, na tundu la swichi linapunguza thamani hiyo mara moja. Njia ya pili ilitoka, kwa mara nyingine, kwenye redio na televisheni. Huko kulikuwa na potenshometa zenye swichi mgongoni: unavuta kinobu kuwasha, unasukuma kuzima, na sauti inabaki pale ulipoiacha jana. Amplifaya za gitaa zilitumia vinobu hivyo, zile za Mesa/Boogie zikiwa mfano unaojulikana zaidi. Mafundi wakaviingiza ndani ya gitaa. Unaondoa potenshometa ya kawaida, unaweka yenye swichi, tundu ni lilelile, kinobu ni kilekile. Kutoka nje hakuna anayejua.

Les Paul ya pili ya Jimmy Page wa Led Zeppelin ndiyo mfano unaotajwa kila mara: vinobu vyake vyote vinne vilikuja kuwa vya kuvuta, na vitufe vingine viwili vikafichwa chini ya kibao cha plastiki kando ya nyuzi. Gibson wenyewe walitoa toleo lenye jina lake katikati ya miaka ya 1990 likiwa na vinobu vya kuvuta, na leo utavikuta kwenye magitaa ya kiwandani ya bei zote.

Neno la kushika hapo ni "kinobu ni kilekile". Siri ilihitaji kinobu kisibadilike. Kofia ya 1955 na koni ya 1954 zikapewa kazi mpya bila mtu kuuliza kama zinaiweza.

Hesabu ya vidole viwili

Jaribu hivi. Bana kokwa la embe lililotoka kunyonywa sasa hivi kwa kidole gumba na cha shahada, ulibane kwenye ncha nyembamba. Linaruka. Hukulisukuma, ulilibana tu, ila mlalo wa kokwa umegeuza sehemu ya mbano wako kuwa msukumo wa kulitoa. Kinobu cha koni kinafanya vilevile, isipokuwa kinobu kimefungwa kwenye gitaa, kwa hiyo kinachoruka ni vidole.

Tuweke namba. Tuseme swichi inahitaji kani ya newtoni 10 ili inyanyuke, yaani sawa na kunyanyua kilo moja hivi. (Namba hii ni ya mfano, swichi zinatofautiana.) Kinobu kikiwa silinda yenye kuta za wima, kani yako ya kuvuta inatokana na msuguano peke yake: mbano wa kila kidole mara kigezo cha msuguano, mara mbili kwa sababu vidole ni viwili. Kigezo kikiwa 0.5, kila kidole kinahitaji kubana kwa newtoni 10. Rahisi. Vidole vikiteleza na kigezo kikashuka hadi 0.3, unahitaji newtoni 17 hivi. Bado si mbaya.

Sasa lalisha kuta kwa digrii 10 tu. Msuguano bado unavuta juu, lakini mbano wenyewe sasa unasukuma kinobu chini, na unapaswa kuutoa. Kwa kigezo cha 0.5 unahitaji newtoni 16 kwa kila kidole. Kwa kigezo cha 0.3 unahitaji 41. Rudia kusoma: kazi ileile, swichi ileile, jasho lilelile, na mlalo wa digrii 10 umezidisha mbano zaidi ya mara mbili. Kigezo kikishuka chini ya tanjenti ya pembe, ambayo kwa digrii 10 ni kama 0.18, hakuna mbano wowote duniani utakaokivuta kinobu hicho. Ukibana zaidi unakisukuma chini zaidi. Mtu mwenye mikono ya chuma na mtoto wa miaka sita wanakuwa sawa.

Kuhusu jasho, jambo moja la kupendeza: unyevu kidogo unaongeza msuguano wa ngozi, kwa sababu unailainisha ikagusana vizuri zaidi na kitu. Ndiyo maana mhesabu noti analowesha kidole. Ni maji yakizidi, au yakichanganyika na mafuta ya mwili, ndipo mambo yanageuka. Saa ya kwanza ya dansi kinobu kinashikika, saa ya tatu hakishikiki.

Halafu kuna suala la meno. Mifereji ya wima kwenye kinobu inazuia kidole kuteleza kuelekea kushoto na kulia, yaani inasaidia kuzungusha. Ukivuta juu, kidole kinateleza ndani ya mfereji kama gurudumu kwenye reli, mfereji haukusaidii kitu. Kinachosaidia kuvuta ni mistari ya kulala inayozunguka kinobu, au nakshi ya meno yaliyokingamana ambayo inazuia pande zote. Na hapo ndipo historia inanichekesha kidogo: kati ya vinobu vyote maarufu, kinachovutika vizuri zaidi ni kile cha Telecaster cha 1950. Silinda, kuta za wima, meno yaliyokingamana, skrubu ya kukishika. Kilitengenezwa wakati hapakuwa na cha kuvuta kwenye gitaa lolote.

Ile skrubu nayo ina habari yake. Ukivuta kinobu, unavuta mnyororo: kidole na kinobu, kinobu na shafti, shafti na swichi. Kinachoachia ni kiungo dhaifu. Vinobu vingi vya plastiki havina skrubu, vinasukumwa tu juu ya shafti yenye meno iliyopasuliwa katikati, ikashika kwa kujibana. Na shafti hizo hazifanani: za Kimarekani zina meno madogo 24, za Asia zinazopimwa kwa milimita zina meno 18 makubwa kidogo. Weka kinobu cha aina moja kwenye shafti ya nyingine, kitaonekana kimekaa, hadi siku utakapokivuta. Shafti nzima zisizopasuliwa zina inchi robo, yaani milimita 6.35, na kuna vinobu vya milimita 6. Tofauti ni sehemu ya tatu ya milimita, lakini ndiyo inayoamua kama kinobu kitabaki kwenye gitaa au kwenye sakafu ya ukumbi.

Kusukuma badala ya kuvuta

Viwanda viliona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Fender walileta mfumo waliouita S-1: juu ya kinobu cha sauti cha Stratocaster kuna kitufe kidogo, unakibonyeza kinaingia, unakibonyeza tena kinatoka. Umbo la koni likabaki kama la 1954, na kuvuta kukaondolewa kabisa. Kampuni nyingine zinatumia potenshometa za kusukuma-kusukuma, ambapo kinobu kizima kinabonyezwa kama kalamu ya bonyeza. Kimekanika ni jibu sahihi, kwa sababu kusukuma hakuhitaji msuguano hata chembe. Hasara yake ni kwamba unaweza kukibonyeza bahati mbaya, hasa pale kinobu kinapokaa chini ya kiganja.

Ila ukitaka kujua kwa nini jambo hili lina uzito, usiangalie vijana wa jukwaani, angalia wazee. Les Paul, mtu mwenyewe ambaye jina lake liko kwenye lile gitaa la vinobu laini, alipiga kila Jumatatu usiku kwenye klabu moja ya New York hadi mwaka wake wa mwisho, 2009, akiwa na miaka 94. Alikuwa na baridi yabisi kali, na vidole vyake vingi vilikuwa havikunjiki tena. Kwa mtu kama huyo, kubana kwa newtoni 41 si usumbufu, ni mlango uliofungwa. Anapiga gitaa, lakini sauti ya pili ya gitaa lake hawezi kuifikia.

Wenye majengo wameshalifikiria hili. Kanuni za Marekani zilizotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 zinasema bomba, kitasa au swichi ya sehemu ya umma iendeshwe kwa mkono mmoja, isihitaji kubana kwa nguvu wala kusokota kiganja, na kani isizidi newtoni 22.2, ambayo ni kama kilo mbili na robo. Mwaka huohuo wa 1990 Sam Farber alianza kuuza vifaa vya jikoni vya OXO vyenye mipini minene ya mpira, baada ya kumwona mkewe mwenye baridi yabisi akihangaika kumenya. Wanunuzi wengi hawakuwa na ugonjwa wowote. Mpini mnene ni mzuri tu.

Kanuni hizo hazigusi gitaa, na hakuna kiwanda kinachoandika kwenye boksi kani ya kuvuta kinobu chake. Lakini unaweza kuipima mwenyewe. Funga uzi imara chini ya ukingo wa kinobu, ning'iniza kwenye mizani ya kuvuta kama ile ya wauza samaki, vuta polepole usome namba pale inaposema "tak". Ukipata zaidi ya kilo moja na nusu, tatizo ni swichi, ibadilishe. Ukipata chini ya hapo na bado vidole vinateleza, tatizo ni kinobu.

Kama kinobu ni silinda laini, nenda duka la vipuri vya pikipiki ununue oringi ambayo tundu lake ni dogo kidogo kuliko upana wa kinobu, uivalishe katikati. Ni raba ya bei ya chini kabisa na inakupa ukingo wa kushikia. Kama ni koni, oringi itapanda juu na kuvuka kila ukivuta, kwa sababu ileile ya kokwa la embe, hivyo badilisha kinobu uweke cha chuma chenye skrubu na meno yaliyokingamana. Kama kinang'oka, chomoa, ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye ufa wa shafti, uutanue taratibu sana, maana shaba hiyo inakatika. Au zungushia shafti tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko miwili kabla ya kurudisha kinobu.

Na inyanyue oringi isiguse bodi. Magitaa ya zamani, na baadhi ya mapya ya bei kali, yana vanishi ya nitroselulosi, na raba ikikaa juu yake miezi kadhaa inaiyeyusha na kuacha duara ambalo halifutiki.